Msitupe Vipande vya Wazee



Mwezi uliopita mwanachama mmoja wa hapa Tuwan alifika katika ofisi ya tawi akiwa na kikopo cha bati, kidogo kama kiganja cha mkono, chenye kitundu cha kupitishia kamba. Kikopo hicho kilikuwa cha babu yake. Alikikuta mikononi mwa watoto wakikichezea uani, na wakati huo huo mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuwa amesimama mlangoni na mizani yake. Kama angalichelewa nusu saa, kikopo kingaliuzwa kwa uzito pamoja na sufuria iliyotoboka na jembe lililovunjika. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imegeuka rangi ya chai, imeanza kukatika penye mikunjo. Ilikuwa ni kipande.

Tuliifungua polepole juu ya meza. Vijana wawili waliokuja kuulizia habari za michango yao walisogea kutazama, na hawakujua ni kitu gani. Mmoja alidhani ni hirizi. Hatukumcheka. Kitu kinachovaliwa shingoni kwa kamba, ambacho mtu haachani nacho mchana wala usiku, kijana wa leo atakiita nini kingine?

Basi kwa faida ya vijana tueleze. Kipande kililetwa na sheria iliyotungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, kama mwaka 1920 hivi. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuwa nacho. Ndani yake ziliandikwa jina lake na kabila lake, zikatiwa alama za vidole vyake, na kila alipopata kazi liliandikwa jina la tajiri, mshahara, siku aliyoanza na siku aliyofunguliwa. Tajiri asipotia sahihi ya kumfungua, mtu hakuweza kuandikwa kazi mahali pengine. Akiondoka bila sahihi alihesabiwa kuwa mtoro akatafutwa na polisi kwa alama za vidole vyake. Akikutwa njiani bila kipande, faini au jela. Mzungu hakuvaa kitu kama hicho, wala Mhindi. Wazee wengi walikifananisha na kengele ya mbuzi. Kilipigwa vita kwa miaka mingi mpaka kikaondolewa mwaka 1947.

Katika kipande hiki cha babu wa mwanachama wetu mna matajiri wanne, wote wa mashamba ya Trans Nzoia. Mshahara wa kwanza ni Shs. 8 kwa tikiti. Na tikiti haikuwa mwezi, ndugu. Ilikuwa ni siku 30 za kazi zilizokatwa na nyapara katika kadi. Siku ya mvua kazi isipofanyika haikukatwa, siku ya ugonjwa haikukatwa, siku nyapara alipokasirika haikukatwa. Kwa hiyo mtu aliweza kufanya kazi wiki sita ndipo apate mshahara wa mwezi mmoja. Mjukuu hakujua lolote katika haya. Alijua tu kwamba mzee alifanya kazi kwa Wazungu. Hakujua hata kwamba alipata kuwa upande wa Endebess kabla ya kuhamia karibu na mji.

Tazameni jambo hili la ajabu. Mtu aliishi, akalima mahindi ya wengine, akazaa watoto, akazikwa. Na karatasi moja tu inayosema kwamba alikuwako ni ile ya watu waliokuwa wakimlinda asitoroke. Sisi wenyewe hatukumwandika. Karibu tumwuze kwa kilo.

Tunaandika haya kwa sababu mambo ya kuhifadhi kumbukumbu za kupigania uhuru yanazungumzwa sana siku hizi. Tarehe 20 Oktoba kila mwaka, siku ambayo hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, ilikuwa ikiitwa Siku ya Kenyatta, na tangu Katiba ya mwaka 2010 inaitwa Siku ya Mashujaa. Katiba ilifanya vema kutoa jina la mtu mmoja na kuweka la wengi. Lakini hao wengi ni nani? Ukisikiliza hotuba utasikia majina yale yale kumi au kumi na mawili. Mpalilia mahindi wa Trans Nzoia hayumo.

Chama kilichojulikana zaidi katika kazi hii ya kumbukumbu ni kile cha wazee waliopigana vita vya msituni, Mau Mau War Veterans Association. Wanachama wajue kwamba wazee hao walikaa miaka 40 ya uhuru bila ruhusa ya kisheria hata ya kujiita kwa jina la vita vyao. Serikali ya Waingereza ilipiga Mau Mau marufuku mwaka 1950. Bendera ya Kenya ikapandishwa mwaka 1963, na marufuku ile ikabaki katika vitabu vya sheria mpaka mwaka 2003. Wakati huo wote mzee aliyepigwa na kuhasiwa katika kambi za kizuizini alikuwa, kwa mujibu wa sheria, mtu wa chama haramu. Sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa katika Nairobi mwaka 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe.

Baada ya kuruhusiwa, wazee hao hawakukaa kuimba nyimbo za zamani tu. Pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya isiyo ya serikali walikwenda vijijini, wakawauliza watu mmoja mmoja alifungwa wapi, alipigwa na nani, ana kovu gani. Mwaka 2009 wakafungua kesi London kwa majina ya watu watano. Wawili kati yao walikuwa wanawake, nao walieleza mbele ya dunia mambo ambayo mama wa Kiafrika haelezi hata mbele ya dada yake. Serikali ya Uingereza kwanza ilijibu kwamba deni hilo, kama lipo, lilirithiwa na serikali ya Kenya. Halafu ikajibu kwamba siku nyingi zimepita.

Hapo ndipo karatasi ziliposema. Mwaka 2011 serikali hiyo ilikiri kwamba imeficha mahali paitwapo Hanslope Park mafaili yaliyotolewa katika makoloni yake wakati wa kuondoka. Yaliyotoka Kenya tu yalikuwa kama 1,500. Mafaili mengine yalichomwa moto kabla ya bendera kushushwa, maana maofisa walipewa amri ya kuteketeza kila kitu kitakachoiaibisha serikali. Yaliyosalia yalionyesha kwamba wakubwa walijua mateso yaliyokuwa yakitendeka kambini. Wazee walikuwa wakisema hivyo tangu zamani na hawakuaminiwa. Mwaka 2012 jaji alisema kesi isikilizwe, kwa sababu karatasi zipo za kutosha. Tarehe 6 Juni 1913 haikuwa, ilikuwa 6 Juni 2013, miaka 50 ya uhuru wetu, waziri wa mambo ya nchi za nje wa Uingereza alisimama katika Bunge lao akasema wanajuta. Watu 5,228 walikubaliwa kulipwa, fedha zote pamoja na gharama za kesi zikiwa pauni milioni 19.9. Kila mmoja alipata karibu Shs. 340,000. Tena likajengwa sanamu la ukumbusho katika Uhuru Park, likafunguliwa Septemba 2015.

Wengi wanaijua habari hiyo, na huishia hapo. Ya pili haisemwi sana. Watu wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao wenyewe London, kwa mateso ya miaka ile ile, wengine katika vijiji vya waya na wengine katika kambi. Kesi iliendelea miaka. Mwezi Novemba 2018 jaji aliitupa. Alisema muda mrefu mno umepita, mashahidi wamekufa, na haiwezekani tena kusikiliza shauri kwa haki. Si kwamba alisema watu hao 40,000 ni waongo. Alisema siku zimekwisha.

Tumeiweka habari hiyo hapa kwa makusudi, maana wako wanachama wanaosema kwamba kumbukumbu ni kazi ya watu walioshiba. Mmoja alituuliza katika mkutano: Bei ya unga iko juu, kibarua hana hakika ya wiki ijayo, na nyinyi mnatuletea habari za babu zetu? Swali ni zuri wala hatulikwepi. Tunamjibu ndugu huyo kwa mambo yake mwenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi au zaidi, hawi tena kibarua wa siku, anastahili haki za mtu wa mshahara wa mwezi. Ni sheria njema. Lakini katika mashauri tunayoletewa ofisini, tajiri husema: Huyu alikuja siku 6 tu. Na mwanachama husema: Nilikuwa hapo miezi 14. Karani humwuliza: Umeandika wapi? Hakuna. Daftari liko kwa tajiri, na kalamu iko kwa nyapara, kama ilivyokuwa wakati wa tikiti. Mtu anayezoea kutunza kipande cha babu yake atazoea pia kutunza karatasi yake ya mshahara.

Turudi kwetu upande huu wa magharibi, kwa sababu tumechoka kusikia kwamba uhuru ulipiganiwa milima ya Aberdare peke yake, na huku watu walishuhudia tu. Hatusemi hivyo kwa wivu. Damu iliyomwagika kule ilimwagika, na hakuna mtu wa Trans Nzoia mwenye akili atakayebisha.

Mwaka 1895, kabla hata reli haijafika, Wabukusu walipigwa vita na majeshi ya Waingereza yaliyotoka Mumias, yakiongozwa na Bwana Hobley, wakiwamo askari wa Kisudani na wapiganaji wa Kiganda, wenye bunduki za bombom. Watu walijifungia katika ngome zao za udongo, kwanza Lumboka na baadaye Chetambe, karibu na mahali penye mji wa Webuye. Ngome zilivunjwa. Wengi walikufa, na ng'ombe na watu wakachukuliwa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao askari wa Kiingereza waliomaliza vita, na wenyeji na majirani zao wakarudi kuingia mashambani humo kama sikota. Maana ya sikota ni kwamba unaruhusiwa kujenga kibanda na kulima kipande cha shamba, na kwa malipo hayo unamfanyia tajiri kazi siku 180 katika mwaka. Sheria ya mwaka 1937 iliwapa walowezi, kwa mabaraza yao ya wilaya, uwezo wa kuongeza siku hizo mpaka 270 na kupunguza mifugo ya sikota. Hesabuni wenyewe, ndugu. Toeni Jumapili, muone zinabaki siku ngapi za kulima shamba la mke na watoto.

Katika hali hiyo ndipo aliposimama Elijah Masinde wa Kimilili. Vijana wengi wanamjua kwa vichekesho tu, au kwa jina la shule. Alikuwa mchezaji mpira aliyepata kuichezea Kenya dhidi ya Uganda. Akawa mmoja wa viongozi wa Dini ya Msambwa, akawaambia watu wasiende katika kazi za kulazimishwa na wasing'oe magugu ya serikali. Mwaka 1945 walimkamata wakampeleka hospitali ya wenye wazimu ya Mathari, Nairobi, wakamweka huko mpaka mwaka 1947. Ni njia nyepesi ya kumjibu mtu: mwite kichaa.

Na alipotoka alifanya nini? Septemba 1947 aliwaongoza maelfu ya watu mpaka Chetambe, kuomba na kuwakumbuka waliouawa pale mwaka 1895. Hawakubeba bunduki. Walikwenda kuwakumbuka wafu wao, waliokufa miaka 52 iliyopita. Serikali ilishtuka kuliko kama wangalikwenda na mikuki. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliupiga risasi umati wa watu wa dini hiyo pale Malakisi, wakafa watu 11. Mwezi huo huo dini ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa akapelekwa mbali, Lamu na baadaye Marsabit, asirudi kwao mpaka uhuru ulipokaribia. Mwaka 1950 mtu wa dini hiyo, Lukas Pkech, aliuawa Kolloa katika Baringo pamoja na Wapokot wenzake wengi, na maofisa wa serikali pia waliuawa siku hiyo.

Serikali yetu wenyewe ilikuja kuipiga dini hiyo marufuku tena mwaka 1968. Masinde aliona jela ya mkoloni, akaona na jela ya uhuru, akafa mwaka 1987. Tunajua kwamba wanachama wetu wengi ni watu wa makanisa na hawapendi kusikia jina la Msambwa. Tunajua pia kwamba watu wake walichoma moto mali, na kwamba wako wazee waliotishwa nao. Yaandikwe hayo pia. Hatutaki kumbukumbu iliyofuliwa na kupigwa pasi. Katika nyumba za Tuwan mna watoto wa watu wa Msambwa, na watoto wa askari wa kabila waliowakamata, na watoto wa mapishi wa Wazungu, na wa walioapa kiapo cha msituni halafu wakahamia huku kutafuta shamba baada ya mwaka 1963. Wote wanachota maji bomba moja.

Sasa kuhusu chama cha wafanya kazi chenyewe, maana hapa tuna kosa letu. Mtu akienda Kapenguria, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ataona jela ya zamani iliyofanywa nyumba ya makumbusho tangu mwaka 1993. Ataonyeshwa vyumba vya wale sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Walishtakiwa huko mwishoni mwa mwaka 1952 kwa sababu ni mbali, ili wakili apate taabu kufika na watu wasikusanyike. Mji wetu wa Kitale umo katika habari hiyo: D. N. Pritt, Mwingereza aliyeongoza utetezi, na mawakili wenzake, wakiwamo Waafrika, Wahindi na mmoja wa Jamaica, walilala Kitale, kwa kuwa Kapenguria hapakuwa na mahali. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa miaka saba, ingawa Oneko alishinda rufani na bado akabaki kizuizini.

Lakini ni wanafunzi wangapi wanaotoka kule wakijua kwamba Kubai na Kaggia walikuwa watu wa vyama vya wafanya kazi? Kubai alikuwa rais wa muungano wa vyama vya wafanya kazi wa Afrika Mashariki ulioanzishwa Nairobi tarehe 1 Mei 1949. Katibu wake mkuu alikuwa Makhan Singh. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni Hall, Makhan Singh alitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru. Wakati huo hata wanasiasa wetu wengi walikuwa wakiomba viti vichache tu katika baraza. Wiki tatu baadaye yeye na Kubai walikamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma zaidi ya wiki moja. Makhan Singh aliwekwa kizuizini, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, asitoke mpaka mwezi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na zaidi. Kabla yao Chege Kibachia, kiongozi wa wafanya kazi wa Mombasa waliogoma Januari 1947, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa kukaa Baringo. Na katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954, walipozolewa watu zaidi ya 20,000, viongozi wengi wa vyama vyetu walizolewa nao.

Jambo moja Makhan Singh alilifanya ambalo sisi hatukulifuata. Alitunza karatasi. Mihutasari, barua, matangazo ya mgomo, hata hati ndogo za michango, alizitunza zote, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanya kazi vya Kenya mpaka mwaka 1952. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Nairobi. Bila mtu huyo mmoja mwenye tabia ya kutotupa kitu, leo tungalikuwa tukisimulia mambo ya 1950 kwa kubahatisha.

Tawi letu je? Kabati la ofisi lilipofunguliwa tulikuta daftari za michango za miaka michache tu, nyingine zimeliwa na mchwa. Chama cha wafanya kazi wa mashamba kiliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha vyama vidogo vidogo, na wazee waliokwenda kwa baiskeli usiku kuandikisha watu katika mashamba ya mahindi na chai, huku mbwa wa tajiri wakifunguliwa, hawana hata picha moja ukutani kwetu. Tuna picha ya wakubwa wa Nairobi wakifungua semina.

Wala hatuwezi kulaumu mchwa peke yao. Katika mapigano ya mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, watu wengi wa wilaya hii na wa Mlima Elgon walikimbia nyumba zao, na wengine wako Tuwan mpaka leo. Nyumba zilipochomwa, sanduku la chini ya kitanda lilichomwa nalo: hati, kadi, picha za harusi, kipande cha babu. Mtu akikimbia na mtoto mgongoni hakumbuki karatasi. Baadaye ndipo huulizwa: Una nini cha kuonyesha kwamba ulikaa pale?

Kitale pana makumbusho, na ni ya zamani kuliko nyingi za bara. Ilitokana na vitu vilivyokusanywa na mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, tangu mwaka 1926: wadudu, ndege, vitabu, zana za kienyeji. Alipofariki aliliachia taifa, na makumbusho ya sasa yalifunguliwa mwaka 1974. Tunamshukuru marehemu kwa kutunza. Alikusanya vipepeo kwa sababu alipenda vipepeo. Vipande hakuvikusanya, na si kazi yake. Ni yetu.

Tumewaza kama tuanzishe chama kipya cha kumbukumbu, chenye mwenyekiti, makamu na mweka hazina. Halmashauri ya tawi imekataa, nasi tunakubaliana nayo. Wanachama wameona jinsi vyama vya wazee vinavyogawanyika fedha zinaponukia, kila upande na muhuri wake, na mzee wa miaka 85 anatozwa ada ya kuandikwa katika orodha ya watakaolipwa kesho isiyofika. Hatuahidi mtu malipo yoyote. Mtu akija nyumbani kwako kwa jina la tawi akiomba fedha ili jina la baba yako liingie katika kitabu, huyo ni tapeli, mlete ofisini.

Tutakachofanya ni kidogo. Tumenunua daftari moja nene. Kila mwenye mzee aliyefanya kazi mashambani, relini, kwa Wahindi mjini au jikoni kwa Mzungu, amlete, na kama hawezi kutembea karani atamfuata. Ataulizwa alianza kazi mwaka gani, alipewa posho gani, nyapara wake alikuwa mtu wa namna gani, tikiti ilichukua siku ngapi, aligoma lini na yaliyotokea baadaye. Wanawake waulizwe wenyewe, wasisemewe na waume zao, kwani waliochuma pareto na kuvuna mahindi kwa nusu ya mshahara walikuwa wao, na watoto wao walihesabiwa kama mikono ya bure. Karatasi yoyote itapigwa picha kwa simu mbele ya mwenyewe na kurudishwa mkononi mwake saa ile ile. Hatutaki kubaki na mali ya mtu. Nakala zitawekwa mahali pawili mbali mbali, kwa sababu ya moto na mchwa, na mwenye habari akisema jina lake lisitajwe, halitatajwa.

Karani anakaa ofisini Jumamosi kutoka saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Mwanachama yule mwenye kikopo amekwisha andikwa, ukurasa wa kwanza. Alisahau kutuambia jina la mama wa mzee, akaahidi kumwuliza shangazi yake aliyeko Kiminini, na mstari huo tumeuacha wazi.